Tausi wa Congo: ndege wa hapa, majina ya ngambo

Siku ya soko hapa Kyavinyonge, wakati mitumbwi inarudi na akina mama wanangojea samaki pale kwenye mchanga, haikosi mmoja aliyejifunga kikwembe chenye picha ya manyoya yenye macho. Bluu, kijani, na rangi ya dhahabu katikati. Ukiuliza ile ni picha ya nini, utapata majibu matatu. Aliyeenda masomo atasema "paon". Mwenye kuzoea Biblia ya Kiswahili atasema "tausi". Na kijana aliyewahi kufanya kazi Katwe ama Kasese, kule Uganda, atasema "peacock". Wote watatu wanasema kweli.

Lakini uliza tena: huyu ndege anaishi wapi? Hapo majibu yanakuwa moja tu. "Haiko ya huku, ni ya kwa Wahindi." Mwingine ataongeza kwamba alimwona kwenye televizyo, ndani ya filamu ya Waturuki, anatembea kwenye bustani ya tajiri.

Na hapo ndipo watu wengi wanapotea. Congo ina tausi wake. Haishi Asia, haishi kwenye bustani ya mtu, na hakuletwa na meli. Anaishi kwenye pori kubwa la Ituri, la Tshopo, la Maniema, na ndani ya mbuga ya Maiko ambayo sehemu yake imeingia hapa Kivu ya Kaskazini. Hapatikani sehemu ingine yoyote ya dunia isipokuwa kwenye mapori ya inchi hii. Sababu moja inayofanya watu wasimtambue ni neno lenyewe. Neno tausi, sawa vile paon na peacock, lilikuja na picha yake tayari: mkia mrefu wenye macho. Tausi wa Congo hana mkia ule. Basi mtu akimkuta kwenye mtego wake, anaona kuku ya pori tu, na jioni anaingia kwenye chungu.

Tuanze na maneno, maana ndiyo yaliyotangulia ndege.

Majina ya ndege huyu yalitembea dunia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilipita Roma. Warumi walimwita "pavo". Kutoka hapo Wafaransa wakapata "paon", neno ambalo kila mtoto aliyefanya dikte analikumbuka, maana linaandikwa na herufi o ambayo haisikiki: unaandika paon, unasoma "pan". Waingereza nao walichukua lile lile la Roma wakalikata likabaki "pea". Kwa Kiingereza cha leo "pea" ni njegere, na wengi wanadhani ndege aliitwa hivyo juu ya kula njegere ama juu ya yale madoa ya mviringo. Sivyo. Ile "pea" ya peacock ni pavo ya Warumi iliyochakaa mdomoni. Baadaye wakaongeza "cock", maana yake jogoo. Ndiyo maana kwa Kiingereza sahihi peacock ni dume peke yake. Jike ni "peahen", na wote pamoja ni "peafowl". Lakini barabarani kila mtu anasema peacock kwa wote, hata Waingereza wenyewe.

Njia ya pili ilipita mashariki. Wagiriki walisema "taos", Waajemi na Waarabu wakasema "tawus". Waturuki wakachukua hilo wakasema "tavus", na mara nyingi wanaongeza "kuşu", maana yake ndege: "tavus kuşu". Waturuki wana tabia hiyo. Hata mbuni wanamwita "deve kuşu", ndege-ngamia, na ukimtazama shingo na miguu utaona hawakukosea. Neno la Waarabu lilishuka pia na mashua mpaka pwani ya Afrika ya Mashariki, na pale Waswahili wakalifanya tausi. Kwa hiyo tausi ya Kiswahili na tavus ya Kituruki ni ndugu wa damu moja. Mfanyabiashara wa Butembo anayeenda Istanbul kununua nguo, akisema "tausi" mbele ya kitambaa chenye yale manyoya, ana bahati kubwa ya kueleweka bila mtafsiri. Akisema "paon" hataeleweka.

Angalisho moja: asichanganye na "tavuk". Tavuk kwa Kituruki ni kuku, na maneno hayo mawili hayana undugu, yanafanana tu kwa sikio. Kwenye hoteli, tofauti ya herufi moja inaweza kuleta kicheko.

Huku ndani ya Congo, wengi walikutana na tausi mara ya kwanza kanisani. Ni katika kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 10, pale wanapohesabu vitu ambavyo meli za Mfalme Sulemani zilileta kila miaka mitatu: madini ya bei, pembe, nyani, na tausi. Biblia ya Kifaransa ya Segond inasema "paons". Hata hivyo wajuzi wa Kiebrania hawasikilizani juu ya neno hilo. Kuna tafsiri mpya zinazoweka aina ingine ya nyani mahali pa tausi. Wanaoshikilia tausi wanasema neno la Kiebrania linafanana na neno la Kitamil, lugha ya kusini ya India, linalotaja mkia wa ndege huyo. Kama ni hivyo, neno lilisafiri ndani ya meli moja na ndege mwenyewe. Kwa hali yoyote, picha iliyobaki vichwani mwa waamini ni ile ya kitu cha mfalme, cha mbali, kilicholetwa pamoja na dhahabu.

Ule ufalme haujamwacha ndege mpaka leo. Kiti cha enzi cha watawala wa India kiliitwa kiti cha tausi, na Nadir Shah wa Uajemi alikipora mwaka wa 1739. India ilimchagua tausi kuwa ndege wa taifa mwaka wa 1963. Karibu zaidi na hapa, Tanzania, tausi wanatembea kwenye bustani ya Ikulu, na mwaka wa 2020 Rais Magufuli aliwagawia marais wastaafu tausi kama zawadi. Habari ile ilizungumzwa sana mitaani. Ngombe ni zawadi, mbuzi ni zawadi, lakini tausi! Watu walielewa mara moja kwamba zawadi ile ilikuwa ya heshima, maana neno lenyewe linasema heshima. Pwani hata watoto wa kike wanapewa jina Tausi, na Kenya mchezo wa televizyo wa miaka ya 1990 uliitwa hivyo. Mtu hampi mtoto jina la ndege anayemdharau.

Sifa ikigeuka tusi

Lakini uzuri ule ule una upande mwingine. Kwa Kiingereza, kusema mtu ana kiburi kama tausi si kumsifu. Neno peacock limekuwa hata kitendo: mwanaume anayevaa vitu vya kung'aa, kofia kubwa, viatu vya rangi, ili wasichana wamtazame, wanasema ana-peacock. Miaka ya 1960 kule London, wanaume walipoanza kuacha suti nyeusi na kuvaa maua na velveti, magazeti yaliita mabadiliko yale mapinduzi ya tausi. Vijana wa Sape wa Kinshasa na Brazzaville wangetazama zile picha wakasema: mumechelewa.

Kwa Kituruki iko vile vile. Mwenye kujipamba kupita kiasi anafananishwa na tavus. Na wana namna ya kusema mtu amevimba kama tavus kuşu, wakitumia kitendo "kabarmak". Kitendo hicho ndicho kinatumika kwa unga wa mkate unapoumuka, na pia kwa bahari inapochafuka na kuinuka. Mvuvi wa hapa ambaye ameona Ziwa Edouard likivimba saa tisa ya mchana, wakati upepo unabadilika, atashika maana bila kuelezwa zaidi. Kuna watu wanainuka hivyo wakipata cheo kidogo.

Wafaransa wana "fier comme un paon", na tena wana "se pavaner", kutembea polepole ili watu wakutazame. Ndani yake bado kuna ile pavo ya Roma. Hapa kwetu watu wanasema kwa kifupi: "Ule anajisikia." Hawahitaji ndege.

Lazima kusema kwamba si kila matumizi ni ya dharau. Kwa Kiingereza kuna rangi inayoitwa bluu ya tausi, na kuna kipepeo mwenye macho manne kwenye mabawa anayeitwa tausi. Shirika la televizyo la NBC la Marekani lilichukua mkia wa tausi mwaka wa 1956 kuwa alama yake, ili kuonesha watu kwamba picha za rangi zimefika. Ile alama ingalipo. Na Uingereza, wazee wengine hawakubali unyoya wa tausi uingie nyumbani, wanasema yale macho yanaleta bahati mbaya. Wazungu nao wana miiko yao, ingawa hawapendi tuiite hivyo.

Kuna mahali ambapo kusoma vibaya maana ya ndege huyu kulileta damu. Kaskazini ya Iraki, na zamani hata upande wa kusini-mashariki ya Uturuki, wanaishi Wayazidi. Katika dini yao mkubwa wa malaika anaitwa Tausi Melek, malaika tausi, na anaoneshwa kwa mfano wa ndege huyu. Majirani wengine, kwa karne nyingi, walisema kwamba yule tausi ni shetani na kwamba Wayazidi ni waabudu wa shetani. Mwezi wa nane wa mwaka 2014 kundi linalojiita Dola la Kiislamu lilivamia Sinjar. Maelfu waliuawa ama walitekwa, wanawake na wasichana waliuzwa kama watumwa. Mwaka wa 2016 tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilisema wazi kwamba yale ni mauaji ya kimbari. Kundi hilo ndilo ambalo, tangu mwaka 2019, linatangaza kuwa ni lake mashambulizi yanayofanywa na ADF huku Beni. Wakaaji wa Mbau, wa Oicha, wa Mamove hawahitaji kuelezwa ginsi mutu anaweza kuuawa juu ya jina ambalo wengine wamempa.

Majina yanayokosa njia

Kabla ya kufika porini, angalia ginsi watu wanavyokosea asili ya ndege. Bata mzinga ni mfano mzuri, maana hata yeye anafungua mkia wake sawa na tausi. Ndege huyu anatoka Amerika. Waingereza walimwita "turkey", maana yake Uturuki, kwa sababu walimchanganya na kanga ambaye wachuuzi walimleta kupitia inchi za Waturuki. Waturuki wenyewe wanamwita "hindi", yaani wa India. Wafaransa vile vile: "dinde" ni "d'Inde", ya India. Wareno wanamwita "peru". Kila mmoja anaonesha kidole kwa jirani. Na Wahispania ndio waliopotea kabisa: walikuta bata mzinga kule Amerika, wakaona anatandaza mkia, wakampa jina la tausi, pavo. Leo tausi mwenyewe kwa Kihispania inabidi aitwe "pavo real", pavo wa kifalme, maana jina lake limechukuliwa.

Ndege mmoja akanyanganywa jina. Wa Congo alikosa kabisa kuhesabiwa, na jambo hilo liliendelea mpaka mwaka wa 1936.

Unyoya kwenye kofia, Avakubi

Mwaka wa 1909 wazungu wawili wa jumba la makumbusho la New York, Herbert Lang na kijana James Chapin, waliingia Congo ya Wabelgiji. Walikaa mpaka 1915 wakikusanya wanyama, ndege na vitu vya wenyeji. Walitamani hasa okapi, maana alikuwa habari mpya. Mwaka wa 1913 wakawa Avakubi, kwenye mto Ituri, upande wa Nia-Nia. Pale Chapin aliona kofia za wenyeji zilizopambwa kwa manyoya. Karibu yote aliyatambua. Mmoja tu ulimshinda: unyoya wa bawa, wa rangi ya udongo mwekundu, wenye mistari myeusi. Akaubeba. Alirudi nao New York, akauliza, akalinganisha, hakupata ndege wake. Unyoya ukakaa kwenye sanduku miaka zaidi ya ishirini.

Mwaka wa 1936 Chapin alikuwa Tervuren, karibu na Bruxelles, kwenye jumba la makumbusho la Congo ya Wabelgiji. Katika pembe moja isiyopitwa na watu, juu ya kabati, aliona ndege wawili waliokaushwa. Kibandiko kilisema ni tausi wadogo wa India, walioletwa Congo kutoka nje. Jumba liliwapata kwa Kampuni ya Kasai, karibu mwaka wa 1914. Chapin alitazama bawa la jike. Rangi ya udongo mwekundu, mistari myeusi. Ule unyoya wa Avakubi.

Kumbe hawakuwa wadogo, na hawakuwa wa India. Walikuwa watu wazima wa ndege wa pori la Congo, na kwa miaka ishirini na zaidi walikaa pale na jina la ndege mwingine juu ya kibandiko. Mwaka ule ule Chapin akawaandikia jina la sayansi: Afropavo congensis. Lina maana ya pavo wa Afrika, wa Congo. Mwaka wa 1937 alirudi Congo kumtafuta porini, na wawindaji wa huko wakamfikisha. Kabla ya hapo mzungu mmoja wa machimbo ya dhahabu alikuwa amemwambia kwamba ndege wa namna hiyo alikwisha kumla mezani, mwaka wa 1930.

Ni jambo la kufikiria kidogo. Mvaaji wa kofia kule Avakubi alimfahamu. Wawindaji walimfahamu. Mzungu wa machimbo alimla. Lakini vitabu vinasema "aligunduliwa" mwaka wa 1936, ndani ya jumba la Ulaya. Wakaaji wa Kyavinyonge wanajua hadithi ya namna hii, maana karibu kabisa na hapa, Ishango, pale mto Semliki unapotoka ziwani, mwaka wa 1950 mchimbaji Mbelgiji Jean de Heinzelin aliokota mfupa wenye mistari ya kuhesabia, wa miaka kama elfu ishirini. Leo mfupa ule uko Bruxelles. Mtoto wa hapa akitaka kuutazama, lazima aombe visa.

Yeye mwenyewe yukoje?

Tausi wa Congo ana urefu wa sentimita kama 64 mpaka 70, yaani kama jogoo mkubwa. Dume ana rangi ya bluu nzito yenye kung'aa kijani na zambarau, shingo lisilo na manyoya lenye ngozi nyekundu, na juu ya kichwa kishungi cheupe kilichosimama kama burashi. Mkia ni mweusi na mfupi. Jike ni wa rangi ya udongo mwekundu, mgongo una kijani kinachong'aa, tumbo jeusi, na kishungi chake ni kifupi. Hakuna macho kwenye manyoya. Hakuna ule mzigo wa mita moja na nusu nyuma.

Hapa kuna jambo ambalo hata wenye kumwona tausi wa India kila siku hawalijui: yale manyoya marefu yenye macho si mkia. Yanaota juu ya mkia, mgongoni, na mkia wenyewe uko chini yake, mfupi, unayasukuma yasimame. Tausi wa Congo naye anatandaza mkia wake mbele ya jike. Ila yeye anatandaza mkia kweli, ule mfupi alio nao.

Na tabia zao zinaachana. Tausi dume wa India anajionesha kwa majike wengi, kisha anawaacha na kazi ya mayai na watoto. Yule wa Congo anakaa na jike mmoja. Jike anataga mayai mawili mpaka manne, anayalalia siku kama 26, na dume anasaidia kuchunga vifaranga. Wanatembea chini porini wakila matunda yaliyoanguka na wadudu, usiku wanapanda mtini. Ni waoga, wanasikika zaidi kuliko kuonekana, hasa usiku wanapoitikiana dume na jike.

Kwa hiyo misemo yote ile, ya Kiingereza, ya Kituruki, ya Kifaransa, haimfikii huyu. Mutu akisema "kiburi kama tausi", anasema juu ya ndege wa India. Tausi wa Congo ni baba wa familia.

Mtego hausomi vibandiko

Ndege huyu analindwa na sheria ya inchi: kumuwinda, kumuuza, hata kuchukua mayai yake ni kosa. Anapatikana ndani ya mbuga ya Maiko, iliyoundwa mwaka wa 1970, ndani ya mbuga ya Salonga iliyoundwa mwaka ule ule, kwenye hifadhi ya okapi kule Epulu tangu 1992, na upande wa chini wa Kahuzi-Biega. Lakini sheria inamtaja kwa jina la "paon congolais", na mutu wa porini hana ndege wa jina hilo. Ana jina lake la lugha yake, ama anasema kuku ya pori. Akisikia redioni kwamba ni marufuku kuua paon, anakubali kwa roho moja, maana hajawahi kuua ndege mwenye macho kwenye mkia.

Tena wachache ndio wanamtafuta kwa kusudi. Mitego ya nyaya inategwa chini kwa ajili ya mboloko na wanyama wengine wa nyama, na tausi, kwa kuwa anatembea chini, anaingia mguu. Panapofunguliwa machimbo ya dhahabu ndani ya pori, watu wengi wanafika mara moja, na chakula cha karibu ni nyama ya pori. Vita nayo inasukuma watu waingie ndani zaidi. Wanaokimbia mashamba yao upande wa Beni na Lubero hawaingii porini kumtafuta tausi, wanatafuta kuishi. Hapo hakuna wa kulaumiwa kirahisi.

Nje ya inchi yuko pia. Mwaka wa 1949 mkamataji Charles Cordier alipeleka tausi wa Congo hai mpaka Bronx, New York, na leo bustani ya wanyama ya Antwerp, Ubelgiji, ndiyo inaandika kitabu cha vizazi vyote vya ndege hawa wanaofugwa Ulaya na kwingine. Kila kifaranga kinachoangua kule kina namba yake. Wanaoangua kati ya Lindi na Ituri hawana namba, na wengi huku hawana hata jina la kuwaita kwenye Kiswahili cha redio.

Walinzi wa mbuga wanapopita vijijini na picha, mara nyingi ni picha ndiyo inafungua mazungumzo, si neno. Mzee anatazama, ananyamaza, kisha anasema jina kwa lugha yake, na anasimulia alipomwona: mvua ilikuwa inaisha, walikuwa wawili, wa bluu mbele, mwekundu nyuma. Wasikilizaji wenye wazee waliotoka Manguredjipa, Mambasa, Biakato ama Bafwasende wawaulize habari ya kuku ya pori mwenye kishungi cheupe na shingo jekundu. Jina watakalolitaja, kwa Kipere, Kibila, Kilese, Kikumu ama Kinande, walipigie simu hapa redioni wakati wa matangazo ya jioni, pamoja na jina la mahali, ili kipindi kijacho juu ya wanyama wanaolindwa kisitaje "paon" peke yake.